Hirizi Thelathini

Kwa miaka mitatu watu wa mtaa wa Buyenzi walimsifu Mwalimu Ilias kwa mkono wake, na kwa miaka hiyo hiyo mitatu mkono huo haukuandika hata herufi moja.

Aliyeandika alikuwa mkewe, Mwanasiti. Mgonjwa akija, Mwalimu alimpokea chumba cha mbele, akamuuliza maumivu yalianza lini, jina la mama yake ni nani, na usingizi anapata au hapati. Kisha akasema, "Ngojea kidogo nikuandikie kombe," akapita nyuma ya pazia. Huko Mwanasiti alikuwa amekwisha kukaa mkekani, ametawadha, sahani nyeupe ya kauri mapajani, kalamu ya tete mkononi, na kikombe cha wino wa zafarani pembeni. Mwalimu alikaa karibu naye akisoma aya kwa sauti ili mgonjwa asikie, naye Mwanasiti akaziandika juu ya sahani. Zikikauka, zilioshwa kwa maji na marashi, na maji hayo ndiyo mgonjwa aliyokunywa. Kombe ndilo hilo. Pale Buyenzi kombe lilishusha homa, lililaza wasiolala, na liliwahi hata kupatanisha wakwe, au angalau wenyewe walisema hivyo.

Mwanasiti alifundishwa kuandika na baba yake, mwalimu wa chuo cha Kurani huko Rumonge, ambaye Mungu alimpa mabinti watano na hakumpa mtoto wa kiume. Mzee yule hakulalamika. Alimchagua aliyekuwa na mkono mtulivu, akampa ubao na kalamu. Baadaye Mwanasiti akaolewa na Ilias, mwandishi mwenye jina, na kalamu yake akaiweka sandukuni chini ya kanga. Ikakaa humo mpaka siku Ilias alipoanguka msikitini na kuinuka upande mmoja wa mwili umelegea. Mguu ulirudi, maneno yalirudi, ila mkono wa kulia ulibaki unatetemeka. Mbele ya watu aliuficha kwenye mfuko wa kanzu, na watu wakadhani ni maringo ya wasomi.

Usidhani Ilias alikuwa mtu mbaya. Nyuma ya pazia alikuwa mwanafunzi mkorofi kuliko wote. "Hiyo mim yako imenenepa," alimnong'oneza mkewe. "Na hii kaf inalala. Iamushe." Mwanasiti alimpiga kiwiko, mgonjwa huko mbele akasikia kicheko kidogo, akadhani Mwalimu anamshukuru Mola. Kisha Mwalimu alitoka na sahani katika mkono wa kushoto, akasifiwa, akaitikia. Mwanasiti alibaki nyuma akiosha kalamu. Kuna siku sifa hizo zilimchoma, hasa siku alizoandika vizuri, lakini alizimeza, maana ndizo zilizoleta nyumbani heshima na kibaba cha unga.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tano. Vita vilikuwa vimeingia mjini na kugawa mitaa, huyu asipite huku, yule asipite kule, na mtu aliweza kuuawa kwa urefu wake au kwa pua yake. Buyenzi walikuwa wamekataa kugawanyika, na ukweli ni kwamba walijivunia jambo hilo. Lakini siku moja mwezi wa tatu, kijana wao mmoja aitwaye Abdu, utingo wa taksi, alishushwa garini huko Mutakura, mtaa wa ng'ambo ya mto Ntahangwa, na kuchomwa moto. Tangu siku hiyo kaka yake, Faruk, mwenye duka la vipuri vya magari, hakucheka tena na mtu.

Faruk ndiye aliyeingia Jumatatu asubuhi, akaacha viatu mlangoni, akaweka mbele ya Mwalimu kilo tano za mchele, sukari, na mkebe mdogo.

"Zafarani ya kweli," alisema. "Ya Dubai."

Mwanasiti aliisikia harufu kutoka nyuma ya pazia. Kwa miezi mingi alikuwa akichanganya zafarani kidogo na manjano ya jikoni ili wino ufike, na moyo wake ulimruka.

"Mungu akulipe," Mwalimu alisema. "Mama anaendelea namna gani? Nimuandikie?"

"Mama analala, namushukuru Mungu. Tangu umuandikie analala. Leo sikuje kwa mambo ya kombe, Mwalimu. Minataka hirizi. Thelathini."

"Thelathini? Za nini?"

"Za risasi. Mutu akivaa, risasi inageuka maji. We unajua hiyo mambo. Baba yako alikuwa anaandika."

"Baba yangu alikuwa anaandika za nyoka."

"Nyoka, risasi, yote inauma." Faruk hakutabasamu. "Ijumaa wale wa Mutakura wanafanya ville morte. Mji yote itafungwa, mawe barabarani, magari hakuna. Sisi tutavuka Ntahangwa kwa miguu, tunaingia Mutakura. Vijana niko nayo thelathini. Wanaogopa, sikufichi. Lakini wamesema, Mwalimu Ilias akiandika, hata leo tunaenda."

Nyuma ya pazia Mwanasiti aliweka kalamu chini.

"Faruk, mwanangu," Mwalimu alianza, "ile kintu ya Abdu ilituumiza sisi wote. Lakini maneno ya Mungu..."

"Mwalimu, mi sikuulizi. Nakuambia. Nitapita Alhamisi nyuma ya alasiri. Mushona viatu ananingojea na ngozi." Alisimama, akatazama mlango wa uani. "Na tena nasikia huku nyuma muna mugeni. Mama moja wa Mutakura. Watu njo wanasema. Mi sijaambia mutu bado."

Mwalimu naye akautazama mlango huo. Halafu akasema, "Inshallah," na Faruk akavaa viatu vyake.

*

"Ulisema inshallah," Mwanasiti alimwambia, pazia bado linatikisika.

"Ulitaka niseme nini?"

"Apana. Ni neno fupi."

"Mama Raihana," alisema, akimwita kwa jina la binti yao aliyekwisha kuolewa, "ule ana vijana thelathini. Mi niko na mukono moja." Alikaa chini. "Sikiliza. Hakuna hata moja kati yao anajua kusoma. Ngozi ikishonwa imeshonwa, nani ataifungua? Andika kintu chochote. Chora tu mistari. Tumupe, atuache."

Nikwambie, shauri hilo halikuwa baya kwa mtu anayetaka kuamka mzima kesho yake, na Mwanasiti alilifikiria. Aliutazama mkebe wa zafarani na mchele, akafikiri juu ya mlango wao wa mbao wenye komeo moja. Kisha akatikisa kichwa.

"Nikichora uongo, wale watoto wataingia mbele ya bunduki wanajiona ni chuma. Mama zao watakuja hapa kulia, na mi nitawapa maji ya kunywa, niwaambie pole. Nikiandika aya ya kweli, ni mbaya zaidi. Itakuwa aya inatembea na panga. Donc, basi, sitaandika uongo, sitaandika ukweli."

"Na mi nitamwambia nini Alhamisi?"

"Mwambie umekataa."

"Nimekataa," Mwalimu alirudia, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake. "Faruk atashika hii mukono mbele ya watu, Mama Raihana. Atasema, Mwalimu, kama hutaki kwa hiari, andika mbele yangu. Unajua nini itaonekana."

Mwalimu akachukua kalamu, akachovya, akaiinamia sahani. Alijaribu alifu, ile herufi ya kwanza, ambayo hata mtoto wa chuo huichora siku ya kwanza, mstari mmoja tu wa kushuka. Mkono ukacheza. Wino ukakimbia huku na huku, tone likamwangukia kanzuni. Alijaribu tena kwa kuushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Mara ya tatu aliiacha kalamu, akalia, bila sauti, mzee wa miaka hamsini na nane mbele ya sahani ya kauri.

Mwanasiti aliichukua sahani akaiosha. Maji ya lile jaribio hakuyamwaga ovyo. Alitoka nayo mpaka kwenye shina la mpapai, mahali pasipopita miguu ya watu, akayamwaga hapo kama inavyopasa. Hata alifu iliyopotoka ilikuwa na heshima yake.

*

Uani alimkuta Epiphanie anafua. Epiphanie alikuwa muuzaji wa ndagala, Mkristo wa Mutakura. Miaka mingi walikaa meza jirani sokoni, Mwanasiti na vitumbua, Epiphanie na samaki zake. Mutakura ilipowaka alikuja na kifurushi na rozari, akasema atalala siku mbili. Sasa alikuwa ameingia mwezi wa tatu wa kukaa kwao, na hakuna aliyehesabu.

"Nilisikia," Epiphanie alisema bila kuinua kichwa. "Yule mwenye duka ana sauti. Nitaondoka kesho, Mama Raihana. Nitaenda Gatumba, nivuke mpaka."

"Utavuka na nini? Na hiyo beseni? Fua nguo."

"Mi ni sababu ya problème yenu."

"We ni sababu ya sabuni yangu kuisha. Ile ingine ni ya Faruk."

Epiphanie alikamua nguo akaitundika. "Wale walimuchoma mutoto yenu Abdu, njo wale walinifukuza mi. Nawajua. Ijumaa hawatakuwa nyumbani. Ville morte, wao wanakuwa barabarani na mawe, mpaka jioni. Faruk akifika kule atakuta bibi wazee. Atakuta jirani yangu Jovithe, ana miaka themanini, hawezi hata kutoka kitandani."

Mwanasiti alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hilo hakuwa amelifikiria, na lilimkaa kifuani.

"Nikuulize kintu?" Epiphanie alisema. "Usikasirike. Ile maji yako, we unaiamini?"

Lilikuwa swali ambalo hata baba yake hakuwahi kumuuliza. Angeweza kulikwepa. "Sijui inafanya nini ndani ya tumbo ya mutu," alisema. "Ukweli ni huo. Mi najua kintu moja. Nikiandika haraka, herufi inanikatalia. Lazima nitulie, nifikirie ule mugonjwa, jina yake, jina ya mama yake. Pale naona Mungu anaangalia mukono yangu. Naona vile unaniona saa hii. Kuna watu wanaomba kwa kupiga magoti. Mi naomba na kalamu, na hakuna saa ingine mi niko muislamu kabisa kupita ile."

"Basi."

"Basi nikiandika ya Faruk nitafikiria nani? Nitafikiria we. Nitafikiria huyo Jovithe."

Epiphanie alijifuta mikono kwenye pagne aliyojifunga kiunoni. "Kwetu wanasema rozari inalinda," alisema polepole. "Wale vijana walikuja na petroli, moja alikuwa nayo shingoni. Sawa na yangu, rangi hiyo hiyo. Nilikasirika kwa hiyo rozari kupita petroli."

Walizimaliza nguo pamoja, na Epiphanie hakwenda Gatumba.

*

Alhamisi, alasiri imekwisha kusaliwa, Faruk alikuja na vijana wanane, na nyuma ya vijana wanane huja mtaa mzima. Wanawake walitoka milangoni na watoto wao. Fundi wa viatu alikuja na ngozi yake begani, akiwaza kazi. Mwalimu Ilias alikuwa amekaa nje kwenye mkeka, amevaa kanzu safi, mkono mfukoni.

"Ziko tayari?" Faruk aliuliza.

"Haziko."

"Zitakuwa tayari saa ngapi?"

Mwalimu alilowesha midomo. Mwanasiti, akiwa nyuma ya pazia la mlango, aliona shingo ya mumewe inavyotoka jasho, akajua neno fupi limemkwama. "Faruk, mi nimezeeka," Mwalimu alisema. "Macho haioni vizuri."

"Macho? Juzi umemuandikia mama yangu." Faruk alichuchumaa mbele yake. "Mwalimu, unaniogopa ao unanidharau? Leteni sahani. Andika moja hapa, vijana waone, ingine utamaliza jioni."

Mtu alileta sahani na wino kutoka chumba cha mbele. Faruk mwenyewe aliutoa mkono wa Mwalimu mfukoni, bila ukali, kwa adabu hata, kama mtu anavyomsaidia mzee kuvuka barabara, akautia kalamu. Mkono ukaanza. Kalamu iligonga sahani, tik tik tik, wino ukaruka juu ya kanzu nyeupe na juu ya ndevu. Kijana mmoja alicheka. Mwingine naye akacheka, na Mwalimu akakaa pale, ameinamisha kichwa, mkono aliouficha miaka mitatu unacheza mbele ya mtaa mzima.

Hapo Mwanasiti alisukuma pazia akatoka. Hakuwa amepanga maneno. Alijua tu kwamba kicheko kile kingeendelea kidogo tu, asingeweza tena kujitazama.

"Muache mume wangu," alisema. "Unatafuta mukono? Mukono ni hii."

Watu hawakuelewa. Faruk alimtazama kiganja.

"Miaka tatu anayeandika ni mi," Mwanasiti aliendelea. "Mwalimu anasoma, mi naandika. Kombe ya mutoto yako we," alimwambia fundi wa viatu, "mi niliandika. Ya mama ya Faruk, mi. Mukono ni yangu, na hiyo mukono inakataa. Haitaandika hata moja."

Kisha Faruk akainuka, uso umemkunjamana kwa kitu kilichofanana na furaha. "Mumesikia? Tumekunywa maandishi ya mwanamuke. Miaka tatu, huyu mzee anatudanganya." Akageuka kwenye kundi la wanawake, akamtafuta mama yake. "Mama, umesikia?"

Bi Khadidja alikuwa amesimama mbele, mwembamba, kanga ya msiba bado kichwani. Alijibu kama mtu aliyeulizwa bei ya nyanya. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Faruk, wanawake wote wa hii avenue tunajua. Kila mwezi Mwalimu anapumzika siku tano, sita, haandiki. Anasema eti anafunga. Mwezi ikiisha, tena siku tano, sita. Sasa niambie, mwanaume gani anapumzika namna hiyo?"

Wanawake waliangua kicheko. Kilianzia nyuma, kikapita mpaka mbele, na hata fundi wa viatu alijishika tumbo. Mwanasiti aliwatazama mmoja mmoja. Miaka mitatu ya kunong'ona, ya kusimamisha kazi siku zake kwa adabu ya dini, ya visingizio ambavyo Mwalimu alivitunga kwa uhodari mkubwa, na kumbe wenzake walikuwa wanahesabu na kunyamaza, na kesho yake wanakuja tena na chupa zao. Alitaka kucheka na alitaka kulia. Hakufanya hata moja, maana Faruk hakuwa anacheka.

"Vizuri," alisema Faruk. "Basi wewe, mama. Kama mukono ni yako, utaandika wewe. Mi sina shida na mwanamuke. Ilaze vijana yangu roho, vile ulimulaza mama. Ukikataa, naingia huku nyuma kuangalia ule mugeni wenu."

Vijana wawili walisogea kuelekea mlango. Mwalimu Ilias, na kanzu yake yenye madoa, alisimama akaziba mlango. Mkono wake ulikuwa nje, unatetemeka, na hakuurudisha mfukoni.

"Ngojea," Mwanasiti alisema.

Akakaa pale pale kwenye mkeka, mbele ya wote. Akaifuta sahani, akaiweka mapajani, akachovya kalamu. Hakutumia zafarani ya Dubai. Mkebe ule, ulioletwa pamoja na wino, alimrudishia Faruk miguuni, haujafunguliwa, akatumia wino wake mwenyewe uliochanganywa na manjano. Akaandika. Watu waliokuwa wamekunywa mkono ule kwa miaka mitatu waliuona kwa mara ya kwanza ukifanya kazi, ukienda kutoka kulia bila haraka, na mstari ukiwa umenyooka kama umepigwa rula. Mwalimu, kutoka mlangoni, aliitambua aya kwa maneno yake ya kwanza, akaanza kuisoma kwa sauti, kama kawaida yao. Ilikuwa ile aya isemayo kwamba anayeua nafsi moja bila haki ni kama ameua watu wote.

Alipomaliza alingoja wino ushike. Akaimiminia maji, akaizungusha sahani mpaka maandishi yote yakaingia majini, akasimama.

"Munaamini mukono yangu?" aliwauliza vijana. "Munaamini karatasi yangu inaweza kuzuia risasi?"

Mmoja aliitikia kwa kichwa.

"Basi hii imetoka mukono hiyo hiyo. Mutu akinywa hii, aya inakaa ndani yake. Akienda kuua mutu hajamukosea, aya inamuhukumu kutoka ndani, kwa tumbo, kwa damu, mahali hirizi haifiki. Mwenye kunywa, nitamuandikia hirizi yake leo, na bei sitaki. Nani anaanza?"

Aliinyosha sahani kwa aliyeitikia. Kijana alirudi nyuma hatua moja. Akaipeleka kwa wa pili, naye akatazama miguu yake. Alipita mbele yao wote wanane, polepole, kama anayegawa chai msibani, na hakuna aliyeinua mkono. Walikuwa wanaamini, na hapo ndipo shida yao ilipokuwa.

Alimfikia Faruk. "Na we, baba?"

"Mi siogopi hiyo," Faruk alisema. "Hiyo ni maji ya manjano tu."

"Basi na hirizi ni karatasi tu," Mwanasiti alisema. "Waambie hivyo vijana yako. Waambie saa hii, mbele ya mama zao."

Faruk aliwatazama vijana wake, kisha mama zao. Halafu akafanya kosa ambalo mtu wa Buyenzi, mwenye akili zake, hawezi kulifanya. Aliipiga sahani kwa nyuma ya mkono. Sahani ilivunjika, na maji ya kombe yakamwagika chini, njiani, kwenye vumbi ambapo watu hupita na viatu.

Vijana waliruka kama waliomwagiwa moto. Mmoja alikuwa ameguswa na maji kwenye kidole cha mguu, akakiinua mguu wake, asijue auweke wapi, maana pote palikuwa na neno la Mungu. "Faruk, vraiment," alisema, karibu kwa kulia. "Umefanya nini?" Wakajivuta mmoja mmoja, wakikanyaga kwa ncha za vidole, mpaka Faruk akabaki peke yake katikati ya udongo uliolowa.

Bi Khadidja ndiye aliyekuja. Alivua kanga ya msiba kichwani, akaitandika chini, akapiga magoti. Kwa mikono yake miwili akaanza kuuzoa ule udongo, tope na vumbi na vipande vya kauri, akiuweka ndani ya kanga ili usikanyagwe. Alifika kwenye miguu ya mwanawe.

"Toa mguu," alimwambia.

"Mama, walimuchoma Abdu."

"Abdu mi nilimuzaa, usinifundishe. Nilizaa wawili. Moja nimezika mikono na viatu, kingine hawakunipa. Huyu mama njo alinirudishia usingizi. Na we unataka niamke niwe mama ya muuaji." Alimgonga kifundo cha mguu kwa ngumi, si kwa nguvu. "Nasema toa mguu, Faruk. Unasimama juu yake."

Faruk aliutoa mguu. Alisimama kidogo, akimtazama mama yake akizoa, kisha akapita katikati ya watu, kichwa chini, bila kuuchukua mkebe wake. Mwanasiti alipiga magoti mbele ya Bi Khadidja, nao wakamaliza kazi pamoja.

*

Nisikudanganye, vita havikukoma kwa ajili ya sahani moja. Ijumaa Faruk aliondoka hata hivyo, na vijana wanne badala ya thelathini, wakafika kwenye daraja la Ntahangwa, wakakuta wanajeshi, wakarudi. Jovithe wa Mutakura alikuwa bado hai habari zake zilipofika mara ya mwisho. Jiwe lilirushwa juu ya bati la Mwanasiti mara mbili. Faruk hakumsalimia tena. Wanaume kadhaa waliacha kuleta wagonjwa, wakasema afadhali wameze vidonge kuliko kunywa mkono wa mwanamke, na wiki mbili nzima hakuna aliyegonga isipokuwa wanawake, tena kwa mlango wa uani.

Wiki ya tatu akaja katibu wa komite ya msikiti, mzee mwenye kofia iliyopigwa pasi. Mwalimu alikuwa amekaa nje na chai, kikombe mkono wa kushoto, wa kulia umetulia juu ya goti, au tuseme unacheza juu ya goti, wazi kabisa.

"Mwalimu," katibu alisema, "komite imekaa. Tunasema hivi. Kuandika, andika we. Ukishindwa, funga. Lakini mwanamuke kuandikia watu, mbele ya quartier nzima, hiyo hatukubali."

"Nimesikia."

"Utafanya nini?"

Mwalimu alimeza chai yake. "Na hiyo chupa umeshika ni ya nini, mzee?"

Katibu aliitazama chupa tupu chini ya kwapa lake kana kwamba imemfuata yenyewe. "Mujukuu," alisema. "Homa. Siku ya ine. Tulienda hospitali, dawa hakuna." Akakohoa. "Nilifikiri labda... kama mkono yako imepata nafuu."

"Haijapata. Tazama." Mwalimu aliunyanyua mkono wake wa kulia, akaushika hewani kati yao, ukatetemeka, naye hakuushusha. Mwanasiti aliwasikia wote wawili kutoka uani, maji ya udhu yakimdondoka viwikoni.

"Sasa Mwalimu ni nani hapa?" katibu aliuliza, kwa hasira ya mtu aliyechoka.

"Mwalimu yuko nyuma," Ilias alisema. "Anatawadha. Taja jina ya mutoto, na ya mama yake, nitamupelekea."

Katibu alitazama upande huu wa barabara, akatazama na ule. Kisha akavua viatu, akavipanga vizuri pembeni, akakaa kwenye mkeka kungoja zamu yake.